Nani Anayeongoza Ujenzi Wetu?

Penye ujenzi mkubwa katika miji yetu husimamishwa bango. Huandikwa jina la mshitiri, yaani mwenye mali. Kisha mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi, na mwisho kabisa mkandarasi. Mpangilio huo wa majina haukutokea kwa bahati. Ni kumbukumbu ya utaratibu ambao kwa muda mrefu ulimfanya mbunifu majengo, ambaye zamani tulizoea kumwita msanifu, kuwa kiongozi wa kikosi kizima cha ujenzi. Ndiye aliyezungumza na mwenye mali, ndiye aliyechora ramani, ndiye aliyetoa maagizo kwa mkandarasi, na ndiye aliyetia saini hati ya malipo. Pasipo saini yake hata senti moja haikutoka.

Ukitoka mjini ukaingia katika kata kama Manchira, Wilaya ya Serengeti, mambo ni mengine. Darasa la sekondari linapojengwa, au zahanati, au nyumba ya mwalimu, mafundi wapo, kamati ipo, mkuu wa shule yupo na daftari lake la mifuko ya saruji, na mhandisi wa halmashauri hufika kila apatapo gari. Mbunifu hayupo. Ramani yake imefika, lakini yeye mwenyewe hakufika, na wala hajui kuwa jengo lake linainuka hapo. Hivyo ni haki ya mwananchi anayechangia mchanga na kokoto kuuliza: nani anayeongoza ujenzi huu, na ukuta ukipata ufa, nani ataitwa kujibu?

Swali hili si la Serengeti peke yake, wala si la Tanzania peke yake. Lina historia ndefu, na inafaa tuipitie, maana bila ya kuijua tunaweza kulilia kiti ambacho hakikuwa cha milele.

Katika dola ya Uthmaniya aliishi Sinan, ambaye Waturuki humwita Mimar Sinan. Alikuwa mkuu wa wajenzi wa Sultani kwa karibu nusu karne, hadi alipofariki mwaka 1588. Msikiti wa Süleymaniye wa mjini Istanbul, ulioanza kujengwa mwaka 1550 na kumalizika 1557, ni kazi yake. Sinan hakuwa mtu wa meza na kalamu tu. Alitokea jeshini, alijua useremala, na alikuwa amejenga madaraja vitani kabla ya kujenga misikiti. Waashi walimtii kwa sababu walijua kuwa anajua. Hata hivyo, fedha za ujenzi hazikuwa mkononi mwake; zilishikwa na msimamizi mwingine wa serikali aliyetoa hesabu peke yake. Hili tulikumbuke, maana wapo wanaodhani kwamba zamani mjenzi mkuu alikuwa na mamlaka yasiyogawanyika.

Katika mwambao wetu, nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa na mafundi ambao kubuni na kujenga kwao ilikuwa kazi moja. Lugha yetu yenyewe inashuhudia hayo. Neno fundi lina udugu na kufunda na kufundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa, naye akafunda wengine. Huku bara, katika nyumba za msonge za Mara, aliyepima duara kwa kamba na kijiti ndiye aliyechagua miti, ndiye aliyewaelekeza vijana wa kukandika udongo, na ndiye aliyelaumiwa paa likivuja.

Kutenganishwa kwa anayechora na anayejenga tuliletewa na utawala wa kikoloni, pamoja na mikataba ya Kiingereza na Idara ya Kazi za Umma iliyoitwa PWD. Katika mikataba hiyo mbunifu aliwekwa mahali pa pekee: alilipwa na mwenye mali, lakini palipotokea mgogoro alitakiwa kuamua kwa haki baina ya mwenye mali na mkandarasi. Alikuwa wakili na kadhi kwa wakati mmoja. Ni cheo kikubwa, na kwa miaka mingi nchini mwetu kilishikwa na wageni, ingawa palikuwapo wachache wa hapa hapa kama Anthony Almeida, aliyesomea kazi hiyo Bombay na kufanya kazi Dar es Salaam tangu kabla ya uhuru.

Baada ya uhuru Taifa lilitaka kiti hicho kikaliwe na watu wake. Ndugu Beda Amuli, ambaye hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu kazi hiyo, alisoma Haifa, akarudi nyumbani, na kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Waliolijua soko hilo kabla ya moto wa Julai 2021 wanakumbuka paa lake lililofanana na miavuli mikubwa iliyosimama kama miti ya gulio, hewa ikipita chini yake bila ya mashine. Jengo la namna ile haliwezi kutoka katika kikosi kisicho na kiongozi. Zege ilipaswa ikubali umbo, mhandisi akubali hesabu, mkandarasi akubali kusuka fomu za mbao ambazo hajapata kuzisuka. Na mtu mmoja alipaswa kulibeba wazo lile tangu karatasini hadi siku ya kufungua milango.

Wakati huo huo ziliundwa kampuni za umma kama NEDCO kwa ubunifu na MECCO kwa ukandarasi. Mwaka 1972 kilianzishwa Chuo cha Ardhi, ambacho tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 1979 ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Ujenzi. Msingi wa yote hayo ulikuwa utaratibu ule ule wa bango: mbunifu mbele, wengine nyuma yake.

Sasa kwa nini kiti hicho kimetikisika? Wapo wabunifu wanaosema wamenyang'anywa na wafanyabiashara. Sisi tunaona kuwa nusu ya kiti walikiacha wenyewe. Dunia nzima inajua kisa cha Jumba la Opera la Sydney, Australia. Mbunifu wake Jørn Utzon alishinda kwa mchoro uliowastaajabisha watu, lakini makisio ya awali ya dola milioni 7 yakawa milioni 102 kazi ilipokwisha mwaka 1973, na yeye mwenyewe alikuwa ameondoka tangu 1966 baada ya kuvutana na serikali ya jimbo. Jengo lile ni fahari ya dunia, lakini wenye fedha walijifunza somo lao. Walianza kutafuta mtu mwingine wa kushika gharama na muda: meneja wa mradi. Uingereza kwenyewe, kulikotoka mikataba yetu, taarifa ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994 ilieleza jinsi kikosi cha ujenzi kilivyokuwa kikigombana badala ya kushirikiana, ikataka mwenye mali, mbunifu na mkandarasi wakae pamoja tangu mwanzo.

Na majengo nayo yamebadilika. Hospitali ya leo ina mitambo ya hewa, ya maji, ya umeme na ya mawasiliano ambayo huweza kumeza sehemu kubwa ya gharama. Mbunifu hawezi kuyajua yote. Michoro nayo imehamia katika kompyuta, na sasa kikosi kizima huweza kufanya kazi juu ya mfano mmoja wa jengo. Anayeushika mfano huo, hata akiwa mhandisi kijana, ndiye mwenye nguvu.

Kisha likaja lile linaloitwa sanifu na jenga. Mwenye mali hutia saini mkataba mmoja na mkandarasi, naye mkandarasi humwajiri mbunifu. Reli yetu ya kisasa ilianza kwa utaratibu huo mwaka 2017, na kwa reli utaratibu huo una hoja nzito, maana mhandisi ndiye mwenye kazi. Katika majengo, mfano ulio karibu ni hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizofunguliwa Aprili 2017: majengo 20 ya wanafunzi 3,840 kwa shilingi bilioni 10, yaliyosimama kwa muda wa miezi michache. Wakala wa Majengo Tanzania ulibuni, ukasimamia na ukajenga. Taifa lilipiga makofi, na ilistahili. Lakini Desemba ya mwaka ule ule picha za nyufa zilipoenea, aliyeulizwa kama ni hatari alikuwa Wakala huo huo, na jibu lake lilikuwa kwamba ni nafasi zilizoachwa makusudi ili jengo litanuke. Hatuna sababu ya kubishana na maelezo ya kitaalamu. Neno letu ni kwamba yule kadhi wa zamani, aliyesimama kati ya mwenye mali na mjenzi, hakuwapo. Na mwananchi alibaki kuamini au kutoamini.

Sheria zetu nazo zina sehemu yake. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa mfululizo, zikaundwa bodi tatu: ya wahandisi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ya makandarasi. Hiyo ya pili ilitungiwa sheria mpya mwaka 2010. Kila bodi husajili watu wake na huwaadhibu watu wake. Ni jambo jema kwa taaluma, lakini jengo haliporomoki kwa taaluma moja moja. Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha; Waziri Mkuu akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Baada ya kila msiba watu huuliza swali moja tu: nani alikuwa mkubwa pale? Na majibu huja kutoka ofisi nyingi.

Turudi nyumbani, maana huku ndiko jambo lilikofika mwisho wake. Chini ya utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, ulioruhusiwa na kanuni za ununuzi wa umma na kupanuliwa sana katika miaka hii kumi, halmashauri, shule au kituo cha afya hujenga bila ya mkandarasi. Huundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi kutoka miongoni mwa wananchi na watumishi. Vifaa hununuliwa na kamati, fundi hulipwa ufundi wake, na michoro hutoka juu ikiwa ya namna moja kwa nchi nzima. Kipimo cha nguvu ya utaratibu huu kilionekana mwishoni mwa mwaka 2021, pale fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilipokuja, na Serikali ikaamua kujenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa, yawe tayari kabla ya Januari 2022.

Hakuna haja ya kuficha mema yake. Fedha hubaki kijijini. Fundi wa Mugumu hupata kazi ambayo zamani ingechukuliwa na kampuni ya mbali. Faida ya mkandarasi haimo katika hesabu. Watoto waliokaa chini ya mti wakaingia darasani. Anayesema kwamba yangengojewa makabrasha ya zabuni na mbunifu wa kila darasa hajui maisha ya shule zetu.

Lakini tuutazame upande wa pili kwa macho makavu. Ramani moja imetumwa Pangani na Manchira. Katika mabonde ya Serengeti upo udongo mweusi wa mbugani, ambao mvua ikinyesha huvimba na jua likiwaka hunywea na kupasuka. Msingi ukisimama juu yake bila ya kuuchimba na kuuondoa, au kufika tabaka gumu, ukuta utachanika tu, hata saruji ingekuwa mara mbili. Ramani haisemi hivyo, kwa sababu ramani haijui iko wapi. Vile vile Manchira iko karibu digrii mbili kusini ya Ikweta. Darasa likielekezwa vizuri, kuta zake ndefu hutazama kaskazini na kusini, na jua la asubuhi na la alasiri hupiga kwenye kuta fupi zisizo na madirisha. Likigeuzwa kwa sababu tu kiwanja kilionekana kupendeza hivyo, mwalimu atafundisha miaka arobaini watoto wakikunja macho. Kuligeuza hakugharimu hata shilingi moja. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema ligeuzwe siku ya kupiga kamba.

Na kuna upepo. Bati la huku huezuliwa mara nyingi si kwa sababu ya ubovu wa bati, bali kwa sababu kenchi hazikufungwa kwa nondo au ukanda wa chuma katika boriti ya zege iliyo juu ya ukuta. Fundi mzoefu analijua jambo hilo. Lakini nondo hizo zisipokuwa katika orodha iliyotoka juu, kamati ya manunuzi haitazinunua, na haina kosa: inaogopa mkaguzi. Fundi anajua lakini hana sauti. Mkuu wa shule ana sauti lakini hajui, maana alisomea kufundisha hesabu na Kiswahili. Mhandisi anajua na ana sauti, lakini ana miradi mingi iliyotapakaa wilaya nzima. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kuutaja udhaifu wa usimamizi katika ujenzi wa namna hii.

Hivyo uongozi wa mbunifu haukwenda kwa mtu mwingine. Umevunjwa vipande vipande, ukagawiwa watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyepewa wote. Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kuwa huu ni mwendo wa kawaida wa dunia. Kule Uingereza mbunifu alipopunguziwa madaraka, alikuwapo meneja aliyeyachukua, akalipwa na akaweza kushitakiwa. Hapa kwetu madaraka yamewekwa katika kamati. Nayo kamati ikimaliza kazi hutawanyika, na jina lake hulipati katika sajili ya bodi yoyote.

Mkoa wetu wa Mara unaijua gharama ya jengo lisilo na mtu. Hospitali ya Rufaa ya Kwangwa pale Musoma, yenye jina la Mwalimu Nyerere, ilianzishwa miaka ya 1970, ikasimama, nyasi zikaota, vizazi vikapita, hadi Serikali ya Awamu ya Tano ilipoikabidhi kwa Shirika la Nyumba la Taifa ili kuikamilisha. Bwawa la Manchira lenyewe, linaloupatia maji mji wa Mugumu, lilichukua miaka mingi kabla ya kukamilika. Sababu kuu ya kukwama huwa ni fedha, tunakubali. Lakini kazi inapokwama miaka mingi hivyo, aliyeichora amekwisha staafu au kufariki, na anayeipokea huanza kwa kukisia aliyekusudia mwenzake. Mtu wa kuendeleza wazo ni mali kama zilivyo mali nyingine.

Je, tumrudishe mbunifu katika kiti chake cha enzi? Hapana. Hatutaki bwana mkubwa wa kuja na kofia mara moja kwa mwezi kutia saini. Wala Taifa halina wabunifu wa kutosha kuweka mmoja kila penye darasa. Na wengi waliopo wanapenda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambako ghorofa ndizo zinazolipa. Hilo nalo ni lawama tunayowapa waziwazi: hawawezi kudai uongozi wa ujenzi wa nchi huku sehemu kubwa ya nchi hawajaikanyaga.

Tunalodai ni dogo, na linawezekana ndani ya fedha zilizopo. Wakala wa Majengo una ofisi yake mkoani. Ipewe dhima, kwa maandishi, ya kuipokea kila ramani inayotoka juu na kuirekebisha kwa wilaya: kina cha msingi kwa udongo wa mahali, mwelekeo wa jengo, ufungaji wa paa, na mfereji wa maji ya mvua hadi kwenye tangi. Kazi hiyo mbunifu mmoja anaweza kuifanya mara moja kwa kata kadhaa. Vijana wanaohitimu Chuo Kikuu Ardhi wapelekwe halmashauri kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kusajiliwa, wawe chini ya mhandisi, wapande pikipiki, wawepo siku ya kupiga kamba, siku ya kumwaga zege ya msingi na siku ya kuezeka. Siku hizo tatu zikisimamiwa vyema, nyingine zote kamati inaziweza.

Na katika kila eneo liwepo daftari la maagizo ambamo fundi mkuu naye ana haki ya kuandika. Akisema udongo huu ni mbaya, iandikwe, na aliyesoma atie saini kuwa amesoma. Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kuongeza karatasi. Lakini hivi sasa karatasi tulizo nazo ni za fedha tupu: ya mfuko wa saruji, ya lori la mchanga, ya posho ya kikao. Ya mtu anayesema kwa jina lake kuwa msingi huu nimeuona, na ninauridhia, haimo katika faili.

Madiwani wa Serengeti na Tarime hukaa kila mwaka kuipitisha bajeti ya halmashauri zao. Humo hupatikana fungu la usimamizi na ufuatiliaji, ambalo aghalabu huishia katika mafuta ya magari ya viongozi wanaokwenda kukagua jengo lililokwisha pigwa rangi. Fungu hilo lihamishiwe kwenye zile siku tatu, na pembeni yake pasomeke jina la mtu, cheo chake, na namba yake ya usajili.